Kitambaa Chekundu cha Taa Namba Saba

Siok-hun alikuwa mwoga, na wala hakulificha hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa hata simu ikilia kabla ya saa moja asubuhi. Katika kundi la opera la Bibi Tan, ambako alikuwa mtu wa taa tangu mumewe alipofariki na kumwachia kazi pamoja na bisibisi zake, uoga huo ulikuwa mchezo wa watu wote. Ban-hok, mpiga ngoma mwenye miaka sitini na meno machache, alizoea kumnyemelea kwa nyuma akampulizia shingoni, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, siku ukifa wewe, utakuwa mzuka wa kwanza duniani kuogopa watu."

"Funga mdomo wako! Mwezi wa saba huu!"

Na kweli ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi mwandamo, mwezi ambao malango ya kuzimu yako wazi, na wale wasio na jamaa wa kuwalisha wanatoka kutafuta chakula. Mtu mwenye akili zake hawataji kwa jina. Huwaita ndugu wema, anawatengea wali na nyama mezani nje ya mlango, anapita zake. Haozi binti mwezi huo, hahami nyumba, hanunui gari. Na kitu kilichokwisha kutumiwa na mwingine ndicho asichonunua kabisa, kwa sababu hajui kama huyo mwingine ameshamaliza kukitumia.

Kundi la Bibi Tan lilinunua. Lingefanyaje? Kimbunga kilipiga mwishoni mwa mwezi wa sita, lori la vifaa likalala ndani ya maji ya chumvi siku mbili, na taa zote zikafa. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba kulikuwa na kazi kwenye hekalu la kijiji cha wafuga chaza, huko Chiayi, pwani ya magharibi ya kisiwa chao, kazi waliyoishika miaka kumi na tisa. Vikundi vingine vilikuwa vimekaa mkao wa kula vikisubiri tu wakosee. Ndipo likasikika tangazo kutoka mji wa Tainan: ukumbi mmoja wa maonyesho umefungwa, taa kumi na sita zinauzwa kwa mkupuo, pamoja na nyaya na sanduku la kuongozea mwanga, kwa bei ya taa nne.

"Rahisi ghali," Siok-hun alisema.

"Ghali ni njaa," Bibi Tan alimjibu. Wote katika kundi walimwita Mama Bosi, na Mama Bosi akishasema, kilichobaki ni kuwasha gari.

Walikwenda watatu, Mama Bosi, Siok-hun na Ban-hok, na bohari lilikuwa nyuma ya karakana ya pikipiki. Aliyewapokea ni Kok-siong, mtu wa makamo mwenye haraka, ambaye taa hazikuwa fani yake na hakujifanya kuwa ni fani yake. Zilikuwa mali ya baba mkwe wake. Mzee huyo, Baba Mkubwa Khó, alikuwa mtu wa taa wa ule ukumbi kwa miaka arobaini, mpaka mwezi wa nne kiharusi kilipomwangusha akiwa anakunywa uji. Sasa alikuwa pale mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, upande wa kulia wa mwili umekufa, mdomo umepinda, maneno yametoweka. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki wake.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," Siok-hun alimsalimu, na macho ya mzee yakamfuata.

Kazini uoga wa Siok-hun ulikuwa na faida, hilo hata Ban-hok alilikubali. Hakununua kitu kwa kukitazama tu. Alichomeka kila taa kwenye umeme, akaiacha ipate moto, akafungua mgongo wake na kunusa nyaya, akatikisa kulabu inayoning'iniza taa kwenye bomba, akaangalia boliti moja moja. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Kila moja ilikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa mtu aliyejali. Mpaka akafika namba saba.

Namba saba ilikuwa peke yake kwenye rafu ya chini. Kwenye shingo ya kulabu, pale inapoungana na taa, palizungushwa kitambaa chekundu, mzunguko juu ya mzunguko, kikafungwa mafundo matatu. Siok-hun aliurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hiki nini?"

Kok-siong alikuna kichwa. "Sijui, shangazi. Alikifunga mwenyewe, mwaka jana. Nilitaka kuifuta vumbi, akanifokea kama mbwa. Akasema mtu asiiguse kabisa."

Wageni wote watatu wakarudi hatua moja nyuma. Hakuna asiyejua kitambaa chekundu kina kazi gani. Kinafungwa kwenye mti ulioua mtu, kwenye mlango wa nyumba yenye mauzauza, kwenye gari jipya ili lisidhurike. Mafundo matatu ni ya mtu aliyetaka kitu kibaki pale kilipo. Nywele za Siok-hun zilisimama kuanzia kisogoni.

"Kulikuwa na mtu aliyefia pale ukumbini?" Mama Bosi aliuliza taratibu.

"Miaka arobaini, shangazi. Ukumbi gani haujafiwa na mtu?"

"Tuiache hii," Siok-hun alisema. "Mama Bosi, nakuomba. Kumi na tano zinatosha."

"Tumeshaiona, na yenyewe imeshatuona. Sasa uichague, uiguse, kisha uikatae mbele ya wenzake? Hiyo ndiyo itakayokufuata nyumbani." Mama Bosi alifungua mkoba wake, akatoa vibao vyake viwili vyekundu vya kuwauliza miungu, vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo haendi popote bila hivyo, hata sokoni kununua samaki. Akawasha vijiti vitatu vya udi, akavichomeka kwenye kopo la misumari, akamwita Jemadari, mungu anayewalinda watu wa jukwaa, akauliza: "Je, tuichukue taa hii?"

Vibao vikaanguka sakafuni, vyote viwili chali. Maana yake mbingu inacheka. Si ndiyo, si hapana.

Mama Bosi hakuwa mtu wa kukatishwa tamaa na kicheko. Akageuza swali. "Wewe uliyemo humo, jina lako hatulijui. Tukikuchukua, tunaahidi hatutakifungua kitambaa chako, hatutakigusa, tutakuheshimu kama mgeni. Na wewe usitusumbue. Umekubali?"

Kibao kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo.

Na hapo hapo mzee mlangoni akaanza kupiga kelele.

Haikuwa sauti ya binadamu mwenye maneno. "Aaa, daa! Aaa, daa!" Mate yakimtoka upande uliokufa, macho yamekodoka, mkono wa kushoto ukipanda hewani: anakunja ngumi, anaiachia, mkono unaanguka gotini. Anakunja, anaiachia, unaanguka. Tena na tena, pigo baada ya pigo kwenye goti lake mwenyewe, na Ban-hok alipoinua namba saba kuipeleka kwenye gari, kelele zilizidi.

"Amekuwa hivyo tangu jana nilipomwambia zinauzwa," Kok-siong alisema, uso umemshuka kwa aibu. "Samahanini. Daktari anasema akili zake zinakuja na kuondoka."

"Anatulaani," Siok-hun alinong'ona. "Au yule wa kwenye taa amemwingia, anasema kwa kinywa chake."

Walipakia kama wezi. Sanduku kubwa la nyaya walilitupia nyuma bila kulifungua, wakatia gari moto, na katika kioo cha pembeni Siok-hun aliuona ule mkono bado unapanda na kuanguka. Njia nzima Ban-hok hakufanya utani hata mmoja, jambo ambalo lilimtisha Siok-hun kuliko mengine yote.

*

Tarehe kumi na nne jukwaa lilisimamishwa uwanjani, likitazamana na mlango wa hekalu ili miungu waone vizuri: mabomba ya chuma, mbao, pazia lililochorwa mawingu. Upepo wa bahari ulikuwa unavuma tangu asubuhi na kuleta harufu ya maganda ya chaza. Ban-hok alikuwa juu ya ngazi, Siok-hun chini akimpa taa moja moja.

"Namba saba iwe pembeni kabisa," alisema. "Kule nyuma ya nguzo."

"Katikati," sauti ya Mama Bosi ilitoka nyuma ya pazia. "Mgeni uliyemwahidi heshima unamkalisha uani? Katikati, mbele."

Katikati, mbele, ndipo kilipowekwa kiti chekundu cha Malkia wa Mbinguni. Kila onyesho huanza na mchezo wa kuwakaribisha miungu, ambapo Malkia huketi na Watakatifu Wanane huja mmoja mmoja kumtolea heri. Wao wanaingia na kutoka. Malkia haondoki. Anakaa kitini karibu nusu saa, hatikisiki, mikono imefichwa kwenye mikono mipana ya vazi. Na Malkia wa kundi la Bibi Tan alikuwa Pin-yi, mtoto pekee wa Siok-hun, mwenye miaka ishirini na minne.

Siok-hun alikitazama kiti, akaitazama taa, akakitazama kiti tena.

"Nyaya za usalama zimeisha," Ban-hok aliita kutoka juu. Kila taa ina waya wake mfupi wa chuma wa kuizuia kulabu ikiachia. "Nimehesabu mara mbili. Ziko kumi na tano. Hii saba haina wake."

"Kumi na tano kwa taa kumi na sita? Basi ifunge kwa waya wowote. Ngoja nikuletee."

Mama Bosi akatokeza kichwa, uso nusu umepakwa poda. "Umfunge mgeni? Tumeapa hatutamgusa shingoni, wewe unataka kumtia pingu? Siok-hun, usituletee balaa. Kulabu imekaza?"

"Imekaza kwenye bomba," Ban-hok alisema.

"Basi."

Siok-hun akaacha kutafuta waya. Aliogopa. Aliogopa waya usiokuwepo, na aliogopa zaidi kiapo kilichokuwepo, na uoga mkubwa ukameza mdogo, kama kawaida yake.

Alimfuata Pin-yi kwenye chumba cha kujipambia. Binti alikuwa akijifunga kilemba cha shanga, kalamu ya wanja mdomoni.

"Mwanangu, leo kaa upande kidogo. Kiti kisogeze nusu hatua tu."

"Nikisogea, Watakatifu watakuja kumwinamia nani, bomba? Ma, nini tena? Ile taa yako?"

"Ina mtu."

"Ma, panya akikwaruza unasema ni babu. Juzi umemwekea wali paka wa jirani ukidhani ni ndugu mwema." Pin-yi alicheka, lakini aliushika mkono wa mama yake, akauona una baridi. "Nitakaa dakika thelathini, nitainuka, tutakula supu ya chaza. Sawa? Nenda zako, unanitetemesha wanja."

Saa tisa alasiri ngoma zikaanza. Watazamaji walikuwa vikongwe watatu, mwuza soseji, na mbwa mmoja aliyelala. Hilo halikumsumbua mtu yeyote, maana mchezo wa alasiri ni wa miungu. Safu ya kwanza ya viti vya plastiki ilikuwa tupu, kila kiti kimewekewa udi mmoja. Hiyo ni ya ndugu wema. Hakuna anayekaa hapo mwezi wa saba, hata mtoto mtundu hathubutu.

Siok-hun alikuwa kwenye meza yake nyuma ya viti vyote, sanduku la kuongozea mwanga mbele yake na juu yake ile pakiti ya kijani ya bisi za nazi ambayo kila fundi kisiwani huiweka juu ya mashine ili itulie. Aliangalia tarehe ya pakiti kwa mara ya tano. Haijapita. Pin-yi alikuwa ameshaketi. Upepo ulipovuma, mabomba yalilia, na kila ngoma kubwa ilipopigwa, taa zote kumi na sita zilitikisika kidogo. Namba saba ilitikisika zaidi. Au ni macho yake? Alijiambia ni macho yake.

Spika ya kulia ikakata sauti. Waya umekufa. Siok-hun akapiga magoti, akafungua lile sanduku kubwa walilonunua, ambalo hakuna aliyekuwa amelifikia chini, akaanza kuchimbua waya mrefu. Waya mzuri, waya mzuri, waya mzuri, zote zimekunjwa vizuri sana. Kisha chini kabisa, pembeni, mkono wake ukagusa kitambaa.

Chekundu. Mafundo matatu.

Akaruka nyuma akajigonga kichwa mezani. Na huku pia! Hawa walikuwa wangapi, jamani? Amewaleta ukoo mzima? Alitaka kulifunga sanduku, lakini waya uliofungwa nacho ulikuwa umemnasa kidoleni, na alipovuta mkono kitambaa kikuukuu kikateleza chenyewe, kikashuka kama soksi.

Chini yake waya ulikuwa umeungua. Shaba tupu nje, nyeusi.

Siok-hun alibaki amepiga magoti, anautazama. Kisha akachimbua tena. Kitambaa kingine, mafundo matatu, kwenye plagi. Akakivuta. Plagi imepasuka katikati. Kingine, kwenye kishikio cha balbu. Kimevunjika pembe.

Hakukuwa na mtu humo. Hakujawahi kuwa na mtu. Palikuwa na fundi mmoja makini, mwenye miaka arobaini kazini, ambaye kila kibovu alikifunga kitambaa chekundu, mafundo matatu, ili mtu asikitumie. Nyaya za usalama zilikuwa kumi na tano kwa sababu taa nzima zilikuwa kumi na tano.

Na ule mkono wa mzee. Ngumi inakunjwa: kulabu imeshika. Ngumi inaachia. Mkono unaanguka.

Akainua macho. Mtakatifu wa tano alikuwa akiinama mbele ya kiti, na juu ya kilemba cha Pin-yi, juu yake hasa, namba saba ilikuwa ikicheza kwenye upepo, kilo kumi na mbili za chuma na kioo. Safari hii hakujiambia ni macho yake.

Sasa mwelewe mtu huyu. Mchezo wa miungu haukatizwi. Miungu wameshaketi, udi unawaka, na Mama Bosi alizoea kusema kuwa katika miaka hamsini hajaona jukwaa likisimamishwa, wala hataki kumjua atakayelisimamisha. Kiapo kilikuwa kiapo, kimeapwa kwa vibao. Tena, kama amekosea? Kama mzee alikuwa na vitambaa vya namna mbili? Atakuwa mwendawazimu wa kijiji kizima, kazi ya miaka kumi na tisa itakwenda na maji, na yule wa kwenye taa atamjia na hasira zake zote. Siok-hun aliyaogopa hayo yote kwa pamoja. Alifungua mdomo kupiga kelele, haikutoka hata sauti ya kifaranga.

Akakimbia. Hakujua ni lini alianza. Njia ya kuzunguka ilikuwa mbali, kwa hiyo alipita katikati, na katikati ilikuwa ile safu ya kwanza. Aliingia mzima mzima kwenye viti vya ndugu wema, akivipiga teke, akivuruga udi, akilia, "Samahani, samahani, nipisheni, samahani, mwanangu yuko pale!" Hata yeye baadaye alikumbuka hilo kwa kushangaa, kwamba aliwapiga viwiko na hakuna hata mmoja aliyemshika.

Akapanda jukwaani kwa tumbo.

Pin-yi alimwona. Uso wa Malkia haukubadilika, lakini mdomo ulisema bila kufunguka, "Ma, umerukwa na akili? Miungu wanatazama!"

"Waache watazame. Inuka."

"Ma..."

Siok-hun hakubembeleza. Alilishika vazi la hariri kwa mikono miwili akavuta kama anayevuta wavu, mshono ukatatuka, kilemba kikaanguka na shanga zikamwagika kila mahali. Malkia wa Mbinguni akaburutwa kwa magoti mpaka pembeni mwa pazia. Ngoma ikanyamaza. Watakatifu wakabaki wameduwaa, mmoja bado ameinama mbele ya kiti kitupu.

"Toka hapo na wewe!" Siok-hun alimfokea Mtakatifu, na Mtakatifu akatoka mbio.

Mama Bosi alikuja kutoka nyuma, anatetemeka kwa hasira. "Umefanya nini? Siok-hun, umefanya nini? Miaka hamsini mimi..."

"Kitambaa si hirizi. Ni alama. Taa ni mbovu, Mama Bosi, mzee anafunga vibovu, nimeviona kwenye sanduku, vyote, alikuwa anatwambia, alikuwa anatwambia kwa mkono!"

"Wewe na uoga wako! Umevunja kiapo mbele ya..."

"Ngoja," Ban-hok alisema. Alikuwa ameweka chini vijiti vya ngoma. Alitazama juu kwa muda, hakucheka. Akaenda kuchukua ngazi. "Nitakifungua mimi. Akiwepo mtu humo, anichukue mimi, sina mke."

Aliiegemeza ngazi kwenye bomba. Hakuwa ameigonga, aliiegemeza tu, kwa upole, na bomba likalia kidogo.

Namba saba ikaanguka.

Haikutoa onyo lolote. Ilipiga kiti chekundu pale kwenye mto, kiti kikapasuka vipande viwili, mbao za jukwaa zikatoboka, na vioo vikaruka mpaka kwenye ngoma. Juu kwenye bomba ilibaki nusu ya kulabu, imeshika vizuri kabisa kama Ban-hok alivyoikaza. Kitambaa chekundu kilining'inia hapo, bado kina mafundo yake matatu.

Mbwa wa uwanjani alikuwa ameamka. Pin-yi alikuwa amemshika mama yake mkononi, na kucha zake zilikuwa zimezama, lakini Siok-hun hakuzisikia. Kisha yule binti, aliyesoma mji mkuu wa Taipei, asiyeamini panya wala babu, akaficha uso wake uliopakwa rangi kwenye bega la mama yake, akaliharibu shati lote.

Mama Bosi ndiye aliyepiga magoti wa kwanza, akiukabili mlango wa hekalu. Akaomba radhi kwa sauti ambayo walikuwa hawajawahi kuisikia kutoka kwake, akatupa vibao. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Wakaruhusiwa kuanza upya, na wakaanza upya, Malkia akiwa amesimama, vazi limeshonwa kwa pini. Ban-hok alienda kuvinyanyua viti vya safu ya kwanza kimoja kimoja na kuvipangusa.

*

Asubuhi iliyofuata Siok-hun alipanda basi kwenda Tainan peke yake. Kwenye mfuko alikuwa na ile nusu ya kulabu, imefungwa ndani ya kitambaa chake. Pale ilipovunjika, sehemu kubwa ilikuwa na kutu ya zamani, na palipong'aa kwa upya hapakuzidi upana wa punje ya mchele. Hicho ndicho kilichokuwa kimeshikilia kilo kumi na mbili.

Mzee Khó alikuwa mlangoni pale pale. Alipomwona, mkono wa kushoto ukaanza kupanda.

"Baba Mkubwa, usijisumbue. Nimekuja."

Akachuchumaa mbele yake, akamwekea kile chuma mapajani, akafunua kitambaa. Mzee akakitazama. Kidole chake kikapita juu ya ule mvunjiko, polepole, kwenda na kurudi. Kisha akainua mkono, kiganja kikitazama chini, akaushusha kuelekea sakafuni, akaushikilia hapo, na macho yake yakamwangalia Siok-hun yakisubiri. Yalikuwa na hofu ambayo Siok-hun aliijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote katika kisiwa kizima. Safari hii hakuhitaji vibao kuelewa swali: nani alikuwa chini yake?

"Mwanangu," alisema. "Alikuwa amekaa chini yake, Baba Mkubwa. Nilimtoa. Mzima, hana hata mkwaruzo."

Mkono haukuondoka. Ulibaki pale pale juu ya sakafu, kama hakusikia vizuri.

"Mzima," Siok-hun alirudia, na hapo ndipo machozi yalipomshinda. "Ulitwambia. Ulitwambia wazi kabisa, na sisi tukakuogopa, tukakimbia."

Mzee Khó akamshika mkono wa shati kwa ule mkono wake mmoja. Alilia kwa upande mmoja wa uso, bila sauti, na hakumwachia. Kok-siong alitoka na vikombe vya chai, akawakuta hivyo, akaviweka chini na kurudi ndani.